Nani aliiba sabuni juu ya paa? Jibu langu kuhusu hadithi za wanyama wapelelezi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema kijana wako yuko Gredi ya 3, vile vijitabu vya picha vyenye sentensi moja kila ukurasa amevimaliza na sasa anaviona vya watoto wadogo, ila ukimpa kitabu chenye sura anasoma kurasa tatu kisha anakisukuma chini ya mto. Anapenda wanyama, anapenda mafumbo, na unataka kujua kama hadithi za wanyama wapelelezi zitamvusha, na kama za Kiswahili zinapatikana hapa Nairobi.

Zitamvusha. Nimeona kwa binti yangu na kwa watoto wengine saba wa ploti yetu huku Umoja. Huu ni mwaka wa tatu tunasoma pamoja Jumamosi asubuhi juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Lakini si kila hadithi ya upelelezi inamfaa mtoto wa hatua hiyo, na mimi nilianza vibaya.

Binti yangu alipotimiza miaka saba nilimnunulia kitabu mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Kilikuwa cha Kiingereza, kimetoka Marekani, na jaladani alikuwepo mbwa aliyeshika kioo cha kukuza. Alikipenda kabla hata hatujapanda matatu ya kurudi nyumbani. Tulikisoma jioni nne. Kesi ilihusu chakula kilichokuwa kikiibwa uani, na dalili kubwa ni kwamba makombo yalikutwa yamelowa kando ya beseni la maji. Sura ya mwisho ikamtaja rakuni, mnyama wa porini wa huko Marekani. Sasa, mtoto wa kule anajua kwamba rakuni ana tabia ya kupapasa chakula chake majini, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kumshika mwizi mapema. Mtoto wa Umoja hajawahi kumwona rakuni hata kwenye uzio. Binti yangu alifunga kitabu akaniambia, "Baba, huyu hakuwa kwenye orodha yangu." Alikuwa ameandika washukiwa wake nyuma ya daftari: panya, paka, kunguru, mtoto wa jirani. Aliwafikiria wote kwa makini, na kitabu kikamletea mgeni.

Ndiyo maana nikishika kitabu cha aina hii sasa ninakipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote. Je, mtoto huyu, kwa wanyama anaowaona na lugha anayoisema, anaweza kumjua mwizi kabla mpelelezi hajamtaja? Kama hawezi, hata picha zikiwa nzuri namna gani, atakuwa abiria tu. Mtoto ambaye ameanza kuchoka na sura hahitaji tena kuwa abiria.

Sura zenyewe zinawashinda kwa nini? Wengi hudhani ni maneno magumu. Kwa Kiswahili mimi siamini hivyo, kwa sababu lugha yetu huandikwa inavyotamkwa, na mtoto akishaziweza silabi, pamoja na zile za mbw na nyw, anaweza kulisoma kwa sauti karibu neno lolote. Kinachomshinda ni kubeba. Sura ya kwanza anaimaliza leo, ya pili kesho jioni, na akifika ya tatu kilichotokea ya kwanza kimeshadondoka njiani. Hadithi ya upelelezi humpa mzigo ambao yeye mwenyewe anataka kuubeba: unyoya uliookotwa sura ya kwanza, mlango uliokuwa wazi sura ya pili. Anavikumbuka kwa sababu atavihitaji.

Neno moja la Kiswahili hubeba mambo mengi, na hilo walimu wachache hulisema. Chukua "hawakumwonyesha". Ni silabi sita, na ndani yake mna watu, mna kukana, mna wakati uliopita, mna yule ambaye hakuonyeshwa. Macho ya mtoto wa miaka minane hulipanda neno hilo kama ngazi. Kwa hiyo usichague kitabu kwa kuambiwa kina maneno machache; kifungue uone kama mistari ni mifupi, herufi ni kubwa, na sura haizidi kurasa nne hadi sita. Picha moja kwa kila sura inatosha, mradi ndani ya picha hiyo kuwe na kitu cha kutafuta.

Sasa nikupe kesi yenyewe iliyotufundisha haya.

Likizo ya Agosti mwaka jana vipande vya sabuni ya mche vilianza kupotea juu ya paa letu. Unafua, unashuka kuchukua ndoo nyingine, ukirudi sabuni haipo. Wiki ya pili majirani wakaanza kutazamana, na mtoto mmoja wa ghorofa ya pili, mdogo kabisa wa Gredi ya 2, akatajwa kwa jina mbele ya watu. Iliniuma. Jumamosi iliyofuata niliweka vitabu pembeni nikawaambia watoto kwamba leo kesi tunayo hapa hapa.

Walichora meza ya washukiwa kwa chaki kwenye tangi la maji. Waliuliza kila nyumba sabuni yao ilipotea saa ngapi, na majibu yote yakaangukia kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Panya akapoteza nguvu kwenye orodha, maana panya wetu hutoka usiku. Walinyunyiza unga kuzunguka beseni. Kesho yake sabuni haikuwepo na ungani hapakuwa na alama ya kiatu wala ya mguu wa paka. Nyuma ya tangi wakakuta kipande kilichoachwa nusu. Hapo nilijifunza pamoja nao: meno ya mbele ya panya huacha mifereji miwili sambamba, kwa kuwa hutafuna kwa meno mawili yaliyokaa bega kwa bega, lakini kipande hiki kilikuwa na vishimo, kimoja kimoja, kama vilivyodungwa. Tukajificha nyuma ya mlango wa ngazi. Alikuja kunguru, yule wetu wa kifua cheupe, akatua ukingoni, akatazama kulia na kushoto, akachukua. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na kunguru hupenda mafuta. Watu wa Pwani wanaujua wizi huo tangu zamani.

Usiku ule nilikaa nikaandika kesi hiyo kama hadithi ya sura sita kwenye daftari la shule. Mimi si mwandishi, ni fundi wa friji, na niliiandika kwa sababu dukani sikupata hadithi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha ngazi yao. Nilipofika kwenye ushahidi nikagundua kwamba lugha yenyewe imeniwekea mtego tayari. Shahidi wangu alikuwa mjusi kafiri, ambaye mchana huwa na usingizi kwa kuwa kazi yake ni ya usiku. Akasema hivi tu: "Nilimwona akiruka ukutani, na mdomoni ana kitu cheupe."

Soma tena sentensi hiyo. Kuruka ni kwa chura na kwa paka, na kuruka ni kwa ndege. Mdomo ni wa paka, na mdomo ni wa kunguru. Mjusi hakusema uongo hata silabi moja, na bado wanyama wote kwenye hadithi walimkimbilia paka, wakamkamata sura ya nne. Juu ya paa, watoto wangu nao walimkamata paka, wote, isipokuwa mmoja. Yule wa Gredi ya 2, aliyetajwa kuwa mwizi wa sabuni, alikaa kimya kurasa mbili nzima, kisha akasema kwa sauti, "Hata ndege ana mdomo!" Wakubwa wakamgeukia. Akaongeza, "Na ndege pia anaruka."

Sijawahi kuona mtoto akinyooka mgongo namna ile. Kutoka siku hiyo yeye ndiye wa kwanza kupanda ngazi kila Jumamosi.

Kwa Kiingereza kuruka kwa paka na kuruka kwa ndege ni maneno mawili tofauti, na mdomo wa ndege una jina lake, kwa hiyo fumbo hilo lisingeweza kutafsiriwa kuja kwetu. Lazima litungwe humu humu. Na tunayo mengi: paa ni juu ya nyumba, paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Hata kile kiambishi "a" cha "aliingia" ni zawadi kwa mtunzi, maana hakisemi kama aliyeingia ni mume au mke. Ila kuwa mwangalifu, ukiandika "kilipita" wakati aliyepita ni mnyama, watoto watakudai. Binti yangu alinidai. Aliniambia nimewadanganya kwa ngeli, nikafuta.

Jambo jingine la kuangalia ni fisi. Hadithi zetu za sungura na fisi ni tamu na zilinilea, lakini zimewafundisha watoto kwamba mlafi ni fisi na mwerevu ni sungura, basi ukimweka fisi kwenye hadithi ya upelelezi kesi imekwisha ukurasa wa pili. Mimi humweka makusudi, halafu dalili zinamsafisha. Kwa mfano, kinyesi cha fisi hukauka kikawa cheupe kwa ajili ya mifupa anayokula (watoto hupenda sana habari hii, jiandae), kwa hiyo kama kilichokutwa si cheupe, muulize mwingine. Nyayo zake huonyesha kucha, kwa sababu hawezi kuzirudisha ndani kama chui. Na duma, ingawa ni wa jamii ya paka, kucha zake nazo huonekana mchangani. Hapo una sura nzima ya mabishano kati ya wapelelezi wawili.

Kesi ya kweli ya fisi huwa nawasimulia bila kitabu. Miaka mingi watu waliofika Ngorongoro asubuhi walikuta simba wakila mzoga na fisi wamezunguka pembeni, wakahitimisha kwamba simba ameua na fisi anasubiri mabaki. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk akaamua kuwafuata usiku. Akaona kwamba mara nyingi waliowinda walikuwa fisi, na simba ndio waliokuja kuwapora. Ushahidi wa asubuhi ulikuwa wa kweli, ila ulichelewa kufika. Nikimaliza hapo watoto hukaa wakifikiri, na mmoja huuliza kama kuna mtu aliyemwomba fisi msamaha.

Mpelelezi wetu ni nani, basi? Vitabu vingi vya nje huchagua mbwa au paka, na si vibaya. Sisi tulimchagua buku, yule panya mkubwa mwenye vifuko mashavuni. Mwanzoni walikataa, na ninawaelewa, kwa sababu mtoto wa Eastlands anamjua panya kama adui wa unga. Nikawasimulia habari za Magawa. Alikuwa buku aliyefunzwa na shirika la APOPO, lililoko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako panya hawa hufundishwa kunusa baruti iliyo ndani ya mabomu yaliyofukiwa, na wengine hufundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa alipelekwa Kambodia. Alikuwa mzito kuliko panya wa jikoni lakini mwepesi mno kulipua bomu kwa kulikanyaga. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata, na alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71. Alikufa Januari 2022. Nilipofika hapo wasichana wawili walilia, na mpelelezi wetu akawa buku bila kupigiwa kura. Vifuko vya mashavu vina kazi pia: ndimo anamohifadhi vidhibiti, na akihojiwa akiwa navyo hawezi kusema vizuri. Watoto husoma mazungumzo yake wakiwa wamejaza mashavu hewa, na hata wale wanaosoma kwa kusitasita hawaoni haya kwa sababu kila mtu anasitasita.

Ukitaka kutunga yako, tazama wanyama ambao kijana wako anawapita kila siku. Korongo wakubwa wenye upara kwenye migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo. Tumbili wa City Park wanaofungua mfuko wa mtu kama wenyewe. Mwewe wanaochukua mkate mkononi mwa mtoto wakati wa mapumziko shuleni, na ambao hupamba viota kwa vitambaa na plastiki, kwa hiyo soksi iliyopotea kwenye kamba ina mshukiwa. Kwa walio karibu na Karura au Ngong, kuna kilio kile cha kutisha cha usiku ambacho mgeni hudhani ni mtu anakabwa, kumbe ni perere, pimbi wa mitini, mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa na ambaye ndugu zake wa karibu, kwa nasaba, ni ndovu. Hiyo peke yake ni sura mbili.

Namna ya kusoma nayo ina uzito. Sisi tuna kitendawili tangu zamani, na kitendawili kina sheria: ukishindwa, unatoa mji, na mwenye kitendawili anausafiri kabla hajakupa jibu. Nimeipeleka sheria hiyo kwenye sura ya mwisho. Nikifika mwisho wa sura ya tano nafunga daftari, nasema "nipe mji." Anayedhani anamjua mwizi hatoi mji, anasimama, anataja jina la mnyama na dalili mbili, na lazima aonyeshe kwa kidole ziliandikwa wapi. Hapo ndipo wanaporudi nyuma kusoma tena sura ya kwanza, wenyewe, bila kulazimishwa, na kwa macho ya kutafuta. Mwalimu angetumia wiki kuwashawishi warudie ukurasa. Asiyejua anatoa mji, nami nausafiri: "Nikaenda Lamu, nikala tende, nikapanda mashua," kisha nasoma. Binti yangu alitoa Kisumu mara nyingi mwanzoni. Siku hizi miji yake imeadimika.

Kuhusu mahali pa kupata, nitasema ninakokwenda mimi. Maktaba ya Makadara, ambayo pamoja na ile ya Kaloleni ni tawi la Maktaba ya McMillan ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikarabatiwa na watu wa Book Bunk, na mtoto anakaa humo bila kusukumwa. Kwenye intaneti kuna African Storybook, hadithi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zimepangwa kwa viwango. Chukua za viwango vya juu, zichape saiba, uzibane pamoja. Nyingi ni fupi na za upelelezi ni chache, lakini wanyama wamo tele, na unaweza kuikata hadithi moja katikati ukaifanya sura mbili. Kwa Kiingereza, kijana akishakuwa mwepesi kidogo, kuna kile cha Alexander McCall Smith kuhusu Precious Ramotswe, yule mpelelezi wa riwaya zake za watu wazima, akiwa msichana mdogo shuleni Botswana, kesi yake ya kwanza kabisa, The Great Cake Mystery. Mpelelezi ni mtoto wala si mnyama, lakini mazingira ni ya kwetu kiasi kwamba mtoto wa Nairobi anaweza kumshika mwizi mwenyewe. Binti yangu alimshika. Sitakuambia ni nani.

Vitabu vinavyoonyesha mtu akiuawa viache kwanza. Kwa umri huu wizi unatosha, na kupotea kunatosha zaidi, hasa kama kilichopotea ni kitu ambacho mtoto angekililia.

Kama unaanza leo, anza na kitu kimoja kilichopotea nyumbani kwako kweli. Washukiwa wanne, wawili kati yao wanyama. Sura tano fupi kwenye daftari, kwa mkono wako, herufi kubwa. Sura ya tano ibane kwa kibanio cha nguo usiku uliotangulia, umwachie daftari kitandani. Asubuhi ukikuta kibanio kimeondolewa na mji haukutolewa, usimkemee. Muulize alimjua mwizi ukurasa wa ngapi.